Kinga ya kompyuta ya nyumbani: chagua mfumo endeshi kwanza, kisha funga milango ya virusi

Folda zikigeuka shotikati (ikoni za njia ya mkato), au kompyuta ikianza kuchukua dakika tano kuwaka, wengi hukimbilia kutafuta antivirusi. Kabla ya hapo angalia mfumo endeshi wenyewe. Antivirusi hukagua mafaili na programu zinazopita. Haizibi tundu lililomo ndani ya Windows. Tundu huzibwa na masasisho ya mtengenezaji, na mfumo usiopata masasisho hubaki wazi hata ukiuwekea antivirusi tatu. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea nchi nyingi kwa kupitia tundu la huduma ya Windows ya kugawana mafaili mtandaoni. Kilifunga mafaili ya watu na kudai fidia, na kiliruka kutoka kompyuta hadi kompyuta bila mtu kubofya chochote. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha tundu hilo tangu 14 Machi mwaka huohuo, karibu miezi miwili kabla. Kompyuta zilizokwisha kukipokea hazikuingiliwa kwa njia hiyo.

Mfumo ulionao bado unahudumiwa?

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `winver`, kisha Enter. Windows 7 iliachwa 14 Januari 2020 na Windows 8.1 ikaachwa 10 Januari 2023. Kompyuta yenye mojawapo ya hizo isiingie tena kwenye akaunti ya benki wala barua pepe. Itumie kuandika na kutazama video bila intaneti mpaka uibadilishe.

Windows 10 ndiyo inayowachanganya wengi, kwa sababu bado inawaka vizuri na haionyeshi dalili yoyote. Masasisho yake ya kawaida yalikoma 14 Oktoba 2025. Ipo nyongeza ya mwaka mmoja iitwayo ESU, inayoishia 13 Oktoba 2026. Ili uipate, kompyuta iwe na toleo la 22H2, kisha fungua Settings, uingie Windows Update, utafute maandishi ya kujiunga. Ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft hulipi kitu. Njia nyingine ni kulipa dola 30. Antivirusi ya ndani ya Windows 10, yaani Defender, Microsoft imesema itaendelea kupewa orodha ya virusi vipya hadi Oktoba 2028, lakini hiyo haifanyi kazi ya viraka. Ni sawa na kuwa na mlinzi getini huku ukuta wa nyuma umebomoka.

Soma namba ya prosesa kabla ya kulipa

Laptopu nyingi zinazouzwa madukani kwetu ni za mtumba, zimetoka maofisini Ulaya na Marekani. Nyingi ni imara kuliko mpya za bei hiyohiyo, ila muuzaji atakwambia "i5" au "i7" na kuishia hapo. Kinachoamua kama itakubali Windows 11 ni kizazi cha prosesa. Windows + R, andika `msinfo32`, soma mstari wa Processor. Ukiona i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6: hicho ni kizazi cha 6, na Windows 11 haikitambui rasmi. i5-8350U ni kizazi cha 8, inakubalika. Namba ikianza na 1, soma tarakimu mbili za kwanza: i5-10210U ni cha 10. Kwa laptopu za AMD, anzia Ryzen za mfululizo wa 3000. HP EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha 6, kwa hiyo haimo. 840 G5 nyingi ni za kizazi cha 8, lakini zimo za cha 7 zenye umbo hilohilo, ndiyo maana jina la modeli pekee halitoshi.

Kisha angalia TPM, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai: andika `tpm.msc` kwenye dirisha lilelile la R. Inatakiwa isomeke Specification Version 2.0. Ikikuambia hakuna TPM, huenda imezimwa tu kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Kiwango cha chini kilichoandikwa na Microsoft ni RAM ya GB 4 na diski ya GB 64. Kwa matumizi halisi GB 4 ni mateso. Omba GB 8, na diski iwe SSD (isiyozunguka, yenye kasi). Mwenye fedha ya kubadilisha kitu kimoja tu aondoe diski ya kuzunguka aweke SSD ya GB 240. Hakuna antivirusi itakayoiongezea kompyuta ya zamani kasi ya namna hiyo.

Zipo njia za kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye kompyuta isiyostahili, na mafundi wengi wanazijua. Itawaka. Ila Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine hizo, na toleo jipya la kila mwaka mara nyingi halitaji­leta lenyewe. Utaliweka kwa mkono kila mara. Kwa mtu wa nyumbani asiyependa kushika BIOS, hatushauri.

Windows, Linux au ChromeOS Flex?

Anza na programu unazozihitaji. Kama unatumia QuickBooks ya kufunga kwenye kompyuta, AutoCAD, Photoshop au mashine fulani yenye programu ya Windows tu, baki Windows. Ukiwa Kenya na unajaza ritani ya kodi kwa faili la Excel lenye makro, Excel yenyewe itakuondolea usumbufu. Lakini kama kazi ni barua, intaneti, video, masomo ya watoto na kuchapa kazi za chuo, Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, itakutosha na itaifufua mashine ya kizazi cha 4, 5 au 6 ambayo Windows 11 imeikataa. Mint 22 inahudumiwa hadi 2029. LibreOffice iliyomo hufungua docx na xlsx, ingawa jedwali lenye mpangilio mgumu linaweza kusogea. Kabla ya kumtumia mtu mwingine kazi, igeuze iwe PDF.

ChromeOS Flex ya Google ni kwa anayeishi ndani ya kivinjari pekee. Inataka RAM ya GB 4 na diski ya GB 16, na haiendeshi programu za Play Store, jambo ambalo wengi huligundua wamekwisha kufuta Windows. Mac ina kinga yake ya ndani. Isasishe, usiweke programu za kukraki (zilizovunjwa leseni), basi.

Linux haina kinga ya kimiujiza. Virusi vingi vya nyumbani vimeandikwa kwa ajili ya Windows, na programu za Linux hutoka kwenye ghala moja linalokaguliwa badala ya tovuti za kuokota. Ukurasa bandia wa benki utakuibia nywila kwenye Linux kama kwingine kote.

Kufunga (kusakinisha) Linux Mint

1. Hamisha mafaili yako yote kwenye diski ya nje. Angalia pia kama diski ya ndani imefungwa kwa BitLocker, kufuli la diski la Windows. Kama ndivyo, ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft na unakili namba ya uokoaji yenye tarakimu 48 kwenye karatasi kabla hujagusa BIOS.

2. Pakua toleo la Xfce, lililo jepesi zaidi, kutoka tovuti ya Linux Mint yenyewe. Ni karibu GB 3, hivyo panga bando. RAM ya GB 2 inatosha kuwaka, GB 4 ndiyo ya raha.

3. Hakiki faili. Fungua Command Prompt kwenye folda lilipo, andika `certutil -hashfile` ukifuatisha jina la faili, kisha `SHA256`. Linganisha mfuatano utakaotokea na ule wa kwenye tovuti. Usiiruke hatua hii: tarehe 20 Februari 2016 tovuti ya Mint ilivamiwa, na baadhi ya waliopakua toleo la 17.3 siku ile walipewa nakala yenye mlango wa siri. Tena bando likikatika katikati, faili huharibika, na ulinganisho huu ndio utakaokuonyesha.

4. Andika faili hilo kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus. Kila kilichomo kwenye flashi kitafutika.

5. Zima, chomeka flashi, washa huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuwakia: F9 kwa HP, F12 kwa Dell na ThinkPad, Esc kwa laptopu nyingi za Asus.

6. Mint itawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera na printa hapohapo. Wi-Fi za Broadcom mara nyingi hazionekani mwanzoni. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kugawana intaneti kwenye simu, kisha fungua Driver Manager uchukue draiva. Ukiridhika ndipo ubofye Install.

7. Baada ya kufunga: pitisha masasisho yote, washa Timeshift ihifadhi hali ya mfumo, na uwashe ukuta wa moto (kinga ya miunganisho ya mtandao), kwa sababu huja umezimwa. Fungua Terminal, andika `sudo ufw enable`.

Windows safi, bila kukraki

Hapa ndipo virusi vingi huingilia nyumbani, na huingia kwa mwaliko. Mtu anataka Windows "iliyoamilishwa" au Office ya bure. Anapakua faili la RAR lenye nywila, maelekezo yanasema "zima antivirusi kwanza", anazima, anabofya. Nywila ile imewekwa ili antivirusi isiweze kuona ndani ya RAR. Kuzima Defender ni kwa ajili ya kile kinachofuata. Kinachokuja nacho mara nyingi ni mwizi wa nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, au kirusi cha fidia. Familia ya STOP/Djvu, iliyofunga mafaili ya watu wengi wa majumbani, ilisambaa hasa kwa njia hii.

Laptopu nyingi za mtumba hazihitaji kukraki kabisa. Zile zilizotoka kiwandani na Windows 10 au 11 zina leseni ndani ya ubao wenyewe. Fungua PowerShell, dirisha la amri la Windows, na uandike:

`(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey`

Ukitokea mfuatano wa herufi 25, leseni ipo. Mwambie fundi apige Windows halisi aliyoipakua kwa Media Creation Tool ya Microsoft, flashi ya GB 8, na achague toleo lilelile la leseni, Pro kwa Pro, Home kwa Home. Ukiunganisha intaneti itajiamilisha yenyewe. Na kama leseni haipo na fedha bado, iache na yale maandishi ya "Activate Windows" ya kona ya chini kulia wakati unajipanga. Inaendelea kupokea viraka vya usalama, na hakuna mgeni uliyemfungulia mlango.

Kompyuta ikitoka kwa fundi, kagua sehemu moja ambayo watu hawaiangalii: Windows Security, Virus & threat protection, Manage settings, kisha shuka hadi Exclusions. Hiyo ni orodha ya mahali ambapo Defender imekatazwa kuangalia. Kwenye kompyuta ya nyumbani iwe tupu. Ukikuta `C:\` nzima imeandikwa humo, Defender imefumbwa macho hata kama alama yake ni ya kijani. Ondoa mstari huo, kisha fanya ukaguzi kamili.

Ukurasa huohuo, hakikisha Real-time protection, Cloud-delivered protection na Tamper Protection zimewashwa. Kwenye App & browser control washa kizuizi cha programu zisizotakiwa. Defender inatosha kwa nyumba nyingi. Antivirusi mbili zikikaa pamoja huvutana na kuifanya mashine kuwa nzito. Ile ya majaribio iliyoisha muda iondoe, Defender itarudi kazini.

Mambo mengine mawili ya kufanya siku ya kwanza. Tengeneza akaunti mbili: moja ya msimamizi yenye nywila unayoijua wewe, nyingine ya kawaida ya matumizi ya kila siku na ya watoto. Programu ikitaka kujifunga ndani ya mfumo, Windows itadai nywila ya msimamizi, na hapo mtu anapata nafasi ya kujiuliza. Kisha onyesha viambishi vya mafaili: kwenye Windows 11 fungua File Explorer, View, Show, weka tiki kwenye File name extensions. Bila hivyo, faili la `risiti.pdf.exe` huonekana kama `risiti.pdf` lenye picha ya PDF.

Flashi na stesheneri

Zamani flashi ikichomekwa tu, kirusi kiliweza kujiwasha kupitia faili la autorun. Mlango huo Microsoft iliufunga kuanzia Windows 7, na mwaka 2011 ikaufunga kwenye XP na Vista kwa masasisho. Tangu hapo virusi vingi vya flashi vinahitaji mkono wa mtu, na njia yao ni shotikati. Kirusi huyaficha mafaili yako, kisha huweka shotikati zenye majina yaleyale. Ukibofya "Barua za kazi", folda inafunguka kama kawaida, lakini kwa nyuma umekiwasha kirusi pia. Tazama vizuri: ikoni ya shotikati ina mshale mdogo kona ya chini kushoto, na uzito wake ni KB 1 au 2. Folda halisi haina mshale huo.

Flashi ya kwenda kuchapisha iwe peke yake, ya GB 4 au 8, isiyo na kitu kingine ila PDF unayotaka kuchapa. Ukirudi nyumbani usiifungue. Bofya kitufe cha kulia juu yake, Format, exFAT, Start. Kutuma kwa WhatsApp ya duka kunaepusha kirusi, ila nakala ya cheti au kitambulisho chako inabaki kwenye kompyuta yao. Kwa nyaraka za namna hiyo bado flashi ni afadhali.

Flashi ikiwa tayari imeliwa, mafaili kwa kawaida hayajapotea:

1. Usibofye shotikati yoyote. Angalia herufi ya flashi kwenye This PC. Tuseme ni E.

2. Windows + R, andika `cmd`, Enter. Andika `E:` kisha Enter. Halafu andika `attrib -h -r -s /s /d *.*` na Enter. Nafasi kati ya kila kipande ni lazima ziwepo. Subiri mstari urudi.

3. Fungua flashi. Ukiona folda isiyo na jina, kama nafasi tupu yenye ikoni, mara nyingi mafaili yako yote yamehamishiwa humo. Hiyo si ya kufuta.

4. Nakili kwenye kompyuta nyaraka na picha pekee: docx, xlsx, pdf, jpg. Yanayoishia na lnk, vbs, js, bat, exe au dll yaache hukohuko.

5. Fanya Format, chomoa, chomeka tena. Shotikati zikirudi kwenye flashi tupu, kirusi kimo ndani ya kompyuta.

Hapo fungua Windows Security, Scan options, chagua Microsoft Defender Antivirus (offline scan). Hifadhi kazi kwanza, maana kompyuta itazima na kukagua kabla Windows haijawaka, kama dakika 15. Ukaguzi huu hukamata virusi ambavyo Windows ikiwa imewaka huwa vinajificha. Baadaye fanya Full scan. Kwenye diski ya kuzunguka inaweza kula saa kadhaa, iache usiku. Mwenye flashi ya Mint anaweza pia kuwakia Mint na kunakili mafaili yake kutoka huko, kwa kuwa shotikati za Windows hazina nguvu kwenye Linux.

Kurasa zinazokuagiza ubonyeze

Ukurasa ukikuambia "thibitisha wewe si roboti", halafu ukakuagiza ubonyeze Windows + R, Ctrl + V na Enter, funga mara moja. Ukurasa umeshaweka amri ya siri kwenye kumbukumbu ya kunakili, nawe ndiye unayeombwa uiendeshe kwa mkono wako. Hakuna uthibitisho halali wa aina hiyo. Dirisha linalojaza kioo na kupiga kelele kwamba una virusi, likitoa namba ya simu, ni ukurasa tu wa tovuti: shikilia Esc, au Ctrl + Shift + Esc ufunge kivinjari kutoka Task Manager. Usipige, wala usimruhusu mtu aingie kwa AnyDesk, programu ya kuendesha kompyuta kwa mbali. Matangazo ya pembeni yanayorudi kila siku kwa kawaida ni ruhusa uliyoitoa ulipobofya "Allow". Yafute kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya Notifications.

Mafaili yakishafungwa

Kirusi cha fidia hubadilisha majina: `harusi.jpg` inakuwa `harusi.jpg` na kiambishi cha ajabu mwishoni, na kila folda ina faili la maandishi linalodai malipo. Kata intaneti, chomoa diski zote za nje, usifute wala usipige Windows upya kwanza. Nakili mafaili yaliyofungwa pamoja na lile la madai kwenye diski tofauti, kisha kwa kompyuta nyingine salama nenda nomoreransom.org, mradi ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta. Mradi huo una funguo za bure za aina nyingi za virusi hivi. Kwa STOP/Djvu, Emsisoft ilitoa kifunguzi Oktoba 2019. Hakifungui aina zote, kwa hiyo mafaili ambayo leo hayafunguki yatunze. Nywila zote zibadilishe ukiwa kwenye kompyuta hiyo salama, ukianza na ya barua pepe.

Kinachorudisha mafaili kwa uhakika ni nakala iliyokuwa mbali na kompyuta. Diski ya nje iliyochomekwa saa zote hufungwa pamoja na nyingine. Chomeka mara moja kwa wiki, nakili, chomoa, weka kabatini. Picha na vyeti visivyo na mbadala weka pia Google Drive, ambako GB 15 ni za bure. Mara moja kila baada ya miezi michache chukua faili mojamoja kutoka kwenye diski ile, lifungue kwenye kompyuta nyingine, uone kama linasomeka.